Asubuhi Bila Shikamoo

Wateja wangu wa saluni huniuliza juu ya chunusi kuliko wanavyoniuliza juu ya nywele. Msichana ameketi, kichwa chake nimekishika, nimefika mstari wa tatu, ndipo anajitazama kwenye kioo na kunong'ona, "Dada, na hizi zinaondokaje?" Mdomo wangu haujui kukaa, basi namwambia ninachokijua. Nawa uso asubuhi na jioni, inatosha, usiusugue kama sufuria iliyoungulia ugali. Usizikamue. Tafuta asali ya nyuki wadogo, ile nyepesi yenye uchachu, ipake nusu saa kisha uioshe. Chemsha majani ya mwarobaini, maji yakipoa unawe. Ndimu usiiguse kabisa, na hapo humwonyesha shavu langu la kushoto lilivyoungua nilipokuwa msichana, nikapaka ndimu halafu nikaenda kushinda juani shambani. Dawa ya meno ni ya meno. Zikiwa kubwa, zinauma, zina usaha, nenda hospitali ukamwone mtaalamu wa ngozi, mimi ni msusi tu.

Dawa moja simtajii mtu. Si kwamba ni siri ya biashara. Ni kwamba nikianza kuisimulia nitalia, na msusi anayelia huharibu mistari.

Niliolewa nikiwa na miaka thelathini na saba, umri ambao mashangazi zangu walikuwa wamekwisha kukata tamaa na kuacha hata kunitania. Nilikuwa na saluni Utemini, pale Singida mjini, jirani na duka la mafuta ya kula. Mwanamume mmoja wa Mgori alikuwa akileta pale mafuta yake ya alizeti kwa madumu, mtu mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kuvua kofia kabla ya kusalimia. Alikuwa amefiwa na mkewe miaka miwili nyuma. Alikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka kumi na minne aliyemaliza darasa la saba mwaka uleule. Aliniambia habari za binti yake kabla hajaniambia habari za mapenzi, na hilo ndilo lililonifanya nimkubali.

Nilihamia Mgori katikati ya Novemba, mawingu yakitishia mvua bila kuitoa. Sikuwa nimejaliwa mtoto, na nisiseme uongo, nilimtaka yule binti kuliko nilivyoitaka nyumba, kuliko shamba, na siku nyingine kuliko hata huyo baba yake. Njia nzima kutoka mjini nilijizoeza nitakavyoongea naye. Polepole. Kwa upole. Nisimlazimishe kuniita mama.

Tukafika. Majirani wamejaa uani, vigelegele vinapigwa. Binti akatoka ndani amejifunga kitambaa kichwani, akapiga goti mbele yangu. "Shikamoo mama mdogo." Nikaitikia marahaba, nikamwinua kwa mkono, na mwanga ukampiga usoni. Chunusi zilikuwa zimemjaa paji lote na mashavu yote mawili, nyingine zimeiva, nyingine zimekamuliwa zikaacha weusi. Miaka yangu kumi na tano ya saluni ikaongea kabla yangu. Nikasema, kwa sauti ileile ninayowasemeshea wateja wakati drai inanguruma, "Yesu wangu! Mwanangu, uso huu umeufanya nini?"

Vigelegele vikakatika. Mtu mmoja akacheka. Binti akatazama chini, akachukua begi langu, akaliingiza ndani. Nilibaki nimesimama pale uani na zawadi zangu, nikitamani ardhi inimeze.

Kesho yake asubuhi hakunisalimia.

Kwa mtu wa mahali pengine linaweza kuwa jambo dogo. Kwetu si dogo. Mtoto akiamka akakutana na mkubwa, shikamoo inatoka kabla hajafikicha macho. Asiyeitoa ama ni mgonjwa, ama ana ugomvi na wewe. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye jiko la nje, napuliza moto wa chai. Binti akatoka chumbani, midomo ameibana, mashavu yamevimba kidogo. Akanipita hatua tatu kutoka nilipoketi, hakugeuka. Akazunguka nyuma ya nyumba kwenye uzio wa minyaa, na nikasikia kwa masikio yangu mtu akitema mate.

Baadaye alichukua ndoo akaenda bombani. Aliporudi, jua limekwisha kupanda, akanitupia shikamoo ya haraka haraka bila kunitazama. Niliijibu. Lakini shikamoo ya mtu aliyekwisha kukupita kimya na kwenda kutema mate, sikujua niipokee kwa moyo gani.

Ikawa hivyo siku iliyofuata, na siku ya tatu, na ya nne. Baba yake hakuona kitu. Ulikuwa msimu wa kulima, alikuwa akitoka na ng'ombe kabla hakujapambazuka, na akirudi saa nne anamkuta binti ananihudumia uji kwa adabu zote, mama mdogo hivi, mama mdogo vile. Ubaya ulikuwa wa asubuhi tu na ulikuwa wangu peke yangu. Nilijua ulikotoka. Nilikuwa nimemwaibisha mbele ya watu, naye ameamua kunilipa taratibu, kila siku kidogo, kabla chai haijachemka. Nilimwogopa mtoto yule. Na nilizidi kumpenda, maana ndivyo nilivyo, anayeninunia ndiye ninayemkimbilia.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Siku kumi nilivumilia, na nikajisifu. Asubuhi ya kumi na moja, alipofika usawa wangu, nikagonga mwiko kwenye sufuria nikapaza sauti, "Wewe binti!"

"Abee," akaitikia, kama anavyoitikia mtoto yeyote wa kike aliyelelewa vizuri akiitwa na mkubwa. Neno lilimtoka lenyewe. Akajiziba mdomo kwa mkono, macho yakamjaa machozi, akageuka mbio kurudi chumbani na kujifungia. Nikabaki na mwiko wangu. Nilidhani analia kwa sababu nimemshinda, nimemlazimisha anijibu, nikakasirika upya kwamba kunipa mimi neno moja la asubuhi, kwake ni msiba.

Siku ile nilimwambia mume wangu kwamba huenda tulifanya haraka. Alikuwa anavua viatu vyake vya shamba.

"Haraka ya nini?"

"Labda binti yako hajawa tayari kuona mwanamke mwingine kwenye jiko la mama yake. Nirudi Utemini kwanza, mpaka aende shule."

Aligonga kiatu kimoja sakafuni kutoa udongo. "Mwenyewe kakwambia?"

"Hajaniambia."

"Basi ngoja akwambie," akasema, akaenda kunywesha ng'ombe.

Nilijipa wiki moja. Lakini begi nililishusha kutoka juu ya kabati, na vitenge nikaanza kuvikunja.

Wiki ilipoisha Desemba ilikuwa imeingia, na niliamka na maneno yangu nimeyapanga. Nilitaka anitemee mate mbele yangu, si nyuma ya nyumba, ili nami niondoke nikijua ninaondoka kwa nini. Akanipita kama kawaida yake, midomo ameibana. Nikamwacha azunguke, nikavua kandambili, nikamfuata.

Alikuwa amesimama akiuelekea uzio, ubavu kwangu. Alitema mate kwenye kiganja. Halafu akayachovya kwa kidole, akaanza kuyapaka usoni, paji, shavu hili, shavu lile, kidevu, kila chunusi kwa zamu yake. Macho alikuwa ameyafumba. Nimeona wanawake wengi wakipaka krimu za bei kubwa, sijaona aliyepaka kwa uangalifu ule. Hasira ikaniishia miguuni. Mtu mwenye chuki hawi mpole vile.

Nilikanyaga kijiti. Akafumbua macho, akaniona. Hakukimbia. Aliweka kidole juu ya midomo yake na kunisihi kwa macho nisimwongeleshe, na mimi, ambaye sijawahi kuambiwa ninyamaze nikanyamaza, nikarudi kinyumenyume hadi jikoni. Chai ilikuwa imefurika na kuzima moto.

Baada ya kama nusu saa alikuja mwenyewe, amenawa, uso unang'aa maji. Akakaa kwenye kigoda karibu yangu.

"Shikamoo mama mdogo. Nilikuwa sijamaliza."

"Marahaba. Hujamaliza nini, mwanangu?"

"Ni dawa ya chunusi. Mate ya asubuhi. Kabla hujapiga mswaki, kabla hujanywa maji, kabla hujasema na mtu yeyote. Ukishasema na mtu yanakuwa mate ya kawaida. Unapaka, unaacha yakauke, ndiyo unanawa. Asubuhi thelathini mfululizo. Ukikosa moja unaanza upya."

"Nani kakufundisha?"

"Mama."

Akanieleza huku akichora chini kwa kijiti. Mama yake aliugua karibu mwaka mzima. Binti alikuwa na miaka kumi na moja wakati ule, uso wake laini, hana hata kipele. Siku moja mama yake alimshika kidevu akamwambia, wewe umechukua ngozi yangu, ukikua zitakuja, zilinisumbua mimi mpaka basi. Zikija usitumie vidude vya madukani. Fanya hivi na hivi, asubuhi thelathini. Mimi ziliondoka.

"Siku ile uliyoniita," akasema, "nilikuwa nimefika kumi na moja. Leo ni ya nane."

Nilitamani kuomba msamaha. Nikauliza jambo lililokuwa linaniuma kuliko yote. "Kwa nini hukuniambia? Nilidhani unanichukia."

Akashtuka kweli. "Mimi? Hapana." Kijiti kikasimama. "Siku ile uliyofika, niliona unachukia kuziangalia. Nikataka ziondoke haraka, usiwe unaziona."

Sijui kama kuna mtu amewahi kusema nami neno lililonipiga kama lile. Mtoto alikuwa amenipita kimya siku zote zile kwa ajili yangu.

Aliniomba nisimwambie baba yake. Nisimwambie mtu yeyote. Shuleni walikuwa wamempa jina, walimwita Mashudu. Mashudu ni makapi yanayobaki mashineni alizeti ikishakamuliwa, makavu, yenye vinundu, tunawapa nguruwe na ng'ombe. Baba yake ndiye mwenye mashine, basi jina likamkaa vizuri, likamfuata mpaka kanisani. Januari alikuwa anakwenda kidato cha kwanza, shule ya bweni, mbali. "Kule hawanijui," akasema. "Nataka waanze kuniona bila hizi. Wakisikia habari za mate watanipa jina lingine." Nikamwahidi sitasema.

Ninajua habari za ngozi kuliko watu wengi wa Mgori. Nilijua, au nilidhani ninajua, kwamba mate hayatibu chunusi. Sentensi ilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Kisha nikamfikiria yule mwanamke kitandani, anajua anakufa, na katika yote ya kuwaza anawaza chunusi za mwanawe ambazo bado hazijatoka. Alijua kwamba siku zitakapotoka yeye hatakuwepo kumshika kidevu. Nikaona aibu mbele yake, mtu ambaye sikumjua hata kwa sura ila kwa picha moja ukutani. Niliifungia sentensi yangu hapohapo na sijaitoa mpaka leo.

Tukawekeana utaratibu. Asubuhi akinipita asiseme, apige goti tu kidogo, nami nitainamisha kichwa, hiyo ndiyo shikamoo na ndiyo marahaba. Nami sitamwita. Asubuhi ya tisa ikapita hivyo, na ya kumi. Nilikuwa nikiamka mapema nisije nikalikosa lile goti. Jirani mmoja alituona akaenda kusema kwenye bomba kwamba mama wa kambo na mtoto hawaongei, na mimi, ambaye kwa kawaida ningekwenda kumpasha, nilimwacha aseme.

Mchana ulikuwa wangu. Mama yake alikuwa amekataza vidude vya madukani, hakukataza vya porini, basi tukakubaliana kwamba mate ni ya asubuhi na mimi nitaongezea ya kwangu mchana. Tulichuma mwarobaini nyuma ya ghala, nikauchemsha, akanawa akikunja uso kwa ule uchungu unaopanda mpaka kooni. Nikajaribu manjano na maziwa. Kosa langu, niliyaacha muda mrefu, akaoga mara tatu na bado alikuwa wa njano kama kifaranga, na Jumapili ile ilibidi ajifunge kitambaa mpaka nyusi. Baba yake alimtazama mezani, akanitazama mimi, akatazama vidole vyangu navyo ni vya njano, akasema, "Jikoni mnapika nini ninyi?" Tulicheka mpaka binti akapaliwa. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka.

Lakini tulichopenda ni asali. Warina asali wa upande wa msituni walikuwa wakituuzia ya nyuki wadogo kwa chupa za soda, na mume wangu alikuwa ameficha mbili kwa ajili ya kifua chake. Tuliiba moja. Binti alilala mkekani kivulini, kichwa chake mapajani kwangu, nikampaka kwa kidole polepole, nikizunguka zile zenye kidonda. Nusu saa hairuhusiwi kucheka wala kujikuna. Nzi walikuja, sisimizi walikuja, jogoo naye alikuja kuona kuna nini, nikawa nawafukuza wote kwa ungo. Katika zile nusu saa ndipo aliponieleza habari za mama yake, amefumba macho, bila kutikisa midomo sana. Alivyopenda mlenda mzito. Alivyoimba vibaya kanisani bila kujali. Nilisikiliza. Wivu nilikuwa nao, nisikudanganye, wivu wa kijinga kwa marehemu. Ulikuwa ukinijia nikiuona uso ule mapajani kwangu na kujua kwamba asubuhi ni za mwingine.

Je, zilipona? Wateja wangu wangetaka kujua. Zile kubwa zilitulia, wekundu na uvimbe vikapungua, na alipoacha kuzikamua weusi nao ukaanza kufifia. Zilizobaki zilichukua mwaka mwingine na zaidi, zikaondoka kidogo kidogo alipozidi kukua. Kama ilikuwa asali, au mwarobaini, au umri, au mkono wa mama yake, sijui, na sijui kama nataka kujua. Leo ni dada mkubwa mwenye mashimo mawili madogo shavuni anayoyaita ya kwake.

Mama mkwe alikuja siku mbili kabla ya Krismasi. Anaishi Mitundu, huko upande wa Itigi, kwa kaka mkubwa wa mume wangu. Alikuja kula sikukuu nasi na kumuaga mjukuu wake kabla ya shule. Ni mwanamke mdogo wa umbo, mkali, aliyempenda sana marehemu mkamwana wake na ambaye mimi alikuwa bado ananipima. Jioni ile kila kitu kilikwenda vizuri. Binti alimpigia magoti, akampa shikamoo iliyonyooka, akamkanda miguu. Tulipokutana jikoni mimi na binti tukanong'onezana. Hesabu ilikuwa imefika ishirini na saba. Zilibaki asubuhi tatu, na baada ya hapo wiki mbili tu shule ifunguliwe. Ikikatika sasa hakutakuwa na nyingine, kwa sababu bwenini wanaamshwa kwa kengele na kuitikia majina. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, bibi nitampelekea chai kitandani, hatatoka mpaka awe amemaliza.

Kumbe bibi huamka kabla ya jogoo. Nilipotoka na sufuria nilimkuta ameketi kwenye kigoda changu, moto ameshauwasha. Sikupata hata muda wa kurudi ndani kumwonya binti. Mlango ukafunguka akatoka, mashavu yake yamejaa, akatuona. Akasita. Kisha akapiga goti mara mbili, moja kwa bibi, moja kwangu, akaendelea kuelekea kwenye uzio.

"Huyu mtoto," bibi akasema, "hajaniona?"

"Amekuona, mama."

"Amenipa goti. Ulimi wake uko wapi?"

"Asubuhi huwa yuko hivyo," nikasema, na nilijua papo hapo kwamba hakuna jibu baya zaidi ambalo ningeweza kutoa.

Bibi akainuka. Akaanza kusema kwa Kinyaturu, haraka, na mimi ni Mnyiramba, naelewa nusu, lakini nusu ile ilinitosha. Akamwita mwanawe aliyekuwa anafunga ng'ombe nira, naye akaja, kofia mkononi. Bibi akarudi kwenye Kiswahili ili na mimi nisikose kitu.

"Mwanangu, tazama. Huyu mtoto mama yake alimwacha anaongea, anacheka, anasalimia mpaka wapita njia. Leo mimi bibi yake nimekuja naonyeshwa goti kama bubu. Na mkeo anasema asubuhi huwa yuko hivyo! Mama wa kambo akimfunga mtoto mdomo kuna analolificha. Sikukuu ikipita naondoka naye. Shule ataripoti akitokea Mitundu, na likizo zake zote atakuja kwangu."

Mume wangu akanitazama. "Kuna nini?" akaniuliza, taratibu, kama anavyouliza kila kitu.

Jibu nilikuwa nalo. Sentensi moja tu, anapaka mate ya asubuhi, dawa aliyoachiwa na mama yake, na yote yangekwisha, bibi angecheka, pengine angelia. Nikamtazama binti. Alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, mkono ukutani, mashavu bado yamejaa, na alikuwa akinitazama kwa macho yaleyale ya siku ile ya kijiti. Nilikuwa nimemwahidi. Nikawaza likizo zake zote, Juni, Desemba, na mkeka utakaokuwa hauna mtu.

"Siwezi kusema," nikamwambia mume wangu. "Mtamuuliza mwenyewe baadaye."

"Umeona?" bibi akasema. "Umeona?"

Niliinama kusukuma kuni ndani ili wasinione uso. Nilipoinua macho, binti alikuwa bado ananitazama mimi, si wao, na nikaona koo lake likipanda na kushuka. Nikataka kusema hapana, ngoja, zimebaki tatu tu, lakini nilikuwa nimechelewa. Alikuwa ameyameza.

Akaja. Kwetu ukikuta wakubwa wameketi unaanza na aliye mkubwa kuliko wote, na mtoto yule alilijua hilo tangu hajajua kutembea vizuri. Akampita bibi yake. Akampita baba yake. Akaja mpaka nilipokuwa nimechuchumaa kwenye majivu, akaweka magoti yote mawili chini, na sauti ikamtoka imekwaruza, sauti ya mtu ambaye hajasema na yeyote tangu alipoamka.

"Shikamoo, mama."

Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Moshi, machozi, sijui, nilikuwa nimemshika tu mabega na uso wake ulikuwa karibu kiasi cha kuona kila chunusi, kila baka, vyote vikavu, havijapakwa kitu. Sikujua nimlilie yeye, au yule mwingine ambaye dawa yake ilikuwa imekatika kwa ajili yangu.

Mkono ukanigusa mgongoni. Alikuwa bibi. Ukali ulikuwa umemtoka wote kwenye sauti.

"Mwitikie mwanao," akasema. "Anangoja."